Mazungumzo ya Juma: Chakula na Maji ya Watoto wa Vunjajungu



Juma hili ninalo deni la kulipa mbele yenu nyote. Wale wanaoziweka nakala za gazeti hili watakumbuka ya kuwa mwezi wa Februari nilizungumza katika safu hii juu ya wadudu wa bustani, nami nikasema kwa ufupi ya kwamba mtoto apendaye kufuga vunjajungu aweza kuwatia katika sanduku, akawawekea kisahani cha maji na wadudu wadogo, akapata mchezo mzuri usio na gharama. Maneno yale niliyaandika upesi mwishoni mwa ukurasa ili nafasi ijae. Kwa kweli sikuwa nimepata kumfuga hata mmoja.

Baada ya majuma mawili nilipokea barua ya mwanafunzi wa darasa la sita. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, kila herufi imesimama mahali pake, na barua yenyewe ilianza kwa salamu nyingi kama ilivyo desturi. Kisha akaeleza ya kuwa alipata kifuko cha mayai ya vunjajungu, watoto wakaanguliwa wengi mno, naye akawawekea kisahani kama nilivyoagiza. Asubuhi ya pili aliwakuta wamekufa majini, karibu wote. Waliosalia hakujua awape nini, wakafa kwa njaa. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliuliza tu, "Je, Bwana, mimi nilikosea wapi?"

Barua ya matusi ningaliijibu siku ileile, maana karani amezoea matusi. Lakini swali lile lilinikaa moyoni. Nilimwandikia ya kuwa kosa lilikuwa langu wala si lake, na ya kuwa sitamwambia neno jingine juu ya vunjajungu mpaka nimejaribu kwa mikono yangu. Nimejaribu, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza kifuko chenyewe. Jike wa vunjajungu huyatia mayai yake ndani ya povu, na povu hilo hukauka likawa gumu, lenye rangi ya kahawia au ya majani makavu, mithili ya kipande cha sifongo kilichoshikamana na kijiti. Kile cha vunjajungu wakubwa wa kijani, ambao wataalamu huwaita Sphodromantis, chaweza kuwa na urefu wa sentimita mbili au tatu. Changu nilikiona mwezi wa Machi katika ua wa michongoma nyuma ya nyumba. Nilikata kijiti kizima, nikakitundika ndani ya chupa kubwa ya kioo kama kilivyokuwa kimekaa mtini, nikafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi na mpira. Kila baada ya siku chache nilikinyunyizia maji kidogo kisikauke mno.

Jina la mdudu huyu ni la watu wa pwani, nao husema ya kwamba amgusaye atavunja chombo cha kwanza atakachokishika baadaye. Mama watoto si mtu wa pwani, lakini habari hiyo aliipata kwa jirani, akaniomba kwa upole nisiguse vyombo vyake kwa muda wote wa ufugaji. Basi tangu wakati huo sijaosha hata kikombe, na kwa upande huo sijaona hasara.

Baada ya majuma matano hivi, asubuhi na mapema, watoto walianza kutoka. Hutoka kwa safu katikati ya kifuko, wakaning'inia kwa nyuzi nyembamba, wakajivua ngozi ya kwanza palepale, kisha wakaanza kutembea kila upande. Mtoto hufanana na mzazi kwa umbo, ila hana mabawa, kama alivyo tunutu wa nzige. Nilihesabu hadi 94, halafu wakaanza kunipanda mkononi nikapotewa na hesabu. (Ikiwa kifukoni kwako watatoka wadudu wadogo kama nyigu, wenye mkia mrefu, usidhani ndio wenyewe. Hao ni wezi waliokula mayai kutoka ndani.)

Hakuna mtu mwenye kazi ya kila siku awezaye kulisha mia. Nilijiwekea 12, na wengine nikawatawanya juu ya vichaka vya bustani, wawili hapa na watatu pale, kwa maana wakiachwa pamoja hulana. Na hapa sina budi kusema neno kwa wakulima. Husikika watu wakisema ya kuwa vunjajungu ni askari wa shamba, atamaliza wadudu waharibifu wote. Mimi sioni hivyo. Huyu hula kila kitu kisogeacho kinachomtosha mkononi, kiwe kiwavi au kiwe nyuki. Usimwue, lakini pia usimtegemee kama mfanyakazi wa mshahara.

Sasa nije katika maji, maana hapo ndipo nilipomponza yule mwanafunzi.

Kwetu sisi tone la maji ni kitu cha kupanguswa kwa kidole. Kwa mdudu asiyefikia sentimita moja mambo ni mengine kabisa. Uso wa maji kwake hunata kama gundi. Akiutia mguu mmoja huvutwa, akijaribu kujitoa hutia wa pili, mwisho tumbo hulala majini, naye hawezi kuinuka tena. Hata kisahani kilicho na maji membamba kama karatasi kwaweza kumwua. Kwa hiyo kisahani hakihitajiwi hata kidogo. Porini mtoto wa vunjajungu hunywa umande uliotua juu ya majani, nasi yatupasa kumtengenezea umande. Tafuta chupa ndogo ya kupulizia, ile itoayo maji kama ukungu, upulizie upande mmoja wa chupa yake na sehemu ya kitambaa, vitone viwe vidogo kuliko kichwa chake. Usimpulizie yeye mwenyewe. Upande wa pili uache mkavu ili apate pa kukimbilia. Atakaa kitambo, kisha utamwona anainamisha kichwa, anaweka kinywa kwenye tone, na tone linapungua polepole mpaka linakwisha. Ni jambo la kupendeza kutazama. Mimi nimechelewa kazini kwa ajili yake zaidi ya mara moja.

Mimi hutumia maji ya mvua, kwa kuwa ya mfereji wetu yananuka dawa. Katika miezi ya baridi ya Juni na Julai huku kwetu milimani, mara moja kila siku ya pili yatosha. Mtu akaaye mahali pa joto kavu, kama Garissa, atahitaji kupulizia kila siku, pengine asubuhi na jioni. Kipimo ni hiki: maji yawe yamekauka yote baada ya saa chache. Yakikaa kutwa kucha chini ya chupa, kuvu itaota, hewa itaoza, na mtoto atadhoofika. Ndiyo sababu mdomo wa chupa hufungwa kwa kitambaa wala si kwa kifuniko cha bati.

Kuhusu chakula, siku ya kwanza usihangaike, mara nyingi hawali. Kuanzia siku ya pili wape nzi wale wadogo sana wanaorukaruka juu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Kuwapata ni rahisi. Weka kipande cha ndizi katika chupa, iache wazi mahali pa vivuli jikoni, na jioni ifunike kwa kitambaa. Wale walioingia watataga mayai humo, na baada ya siku kumi au zaidi kidogo utapata kizazi kipya. Pakiwa na baridi huchukua muda mrefu zaidi. Kwangu zilipita siku 17. Kwa hiyo mtu mwenye busara huanza kuwafuga nzi kabla kifuko hakijaanguliwa, naye huwa na chupa mbili au tatu zilizopishana siku, ili hii ikiisha ile iwe tayari. Mimi sikufanya hivyo, na uvivu huo uliniponza kama nitakavyoeleza.

Vunjajungu hali kitu kisichosogea. Ukimwekea mdudu aliyekufa, atampita kama jiwe. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwavika vunjajungu miwani midogo sana, wakaigandisha kwa nta ya nyuki, ili wachunguze wanavyopima umbali kwa macho yao mawili. Habari hizo zilitolewa mwaka 2016, na mwaka 2018 wakaongeza ya kuwa macho yale hupima umbali wa kitu kinachosogea tu. Basi nzi awe hai, na awe mdogo, yapata theluthi au nusu ya urefu wa mtoto mwenyewe. Mdudu mkubwa humtia hofu, na nyenje mwenye njaa aweza kumgeuzia kibao akamtafuna yeye. Sisimizi usiwape kamwe. Tena uwazuie wasifike, kwa kuweka miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji, kama tufanyavyo kulinda sukari.

Utajuaje kama ameshiba? Mtazame tumbo. Aliyeshiba tumbo lake ni nene na limejaa. Mwenye njaa ni bapa kama jani lililokauka. Kwangu nzi watano au sita kila siku ya pili walitosha mtoto mmoja wa umri ule. Nilifungua daftari, kila chupa na nambari yake, chakula kilichoingia na kilichobaki, kama daftari la stoo. Mama watoto alicheka sana, lakini daftari hilo ndilo lililonifunza mambo.

Majuma mawili ya kwanza niliwaweka wote 12 katika chupa moja, nikipunguza kazi. Daftari linaonyesha ya kuwa siku ya 9 walikuwa 11, na siku ya 13 walikuwa 10, na hakuna maiti iliyoonekana. Ndugu zao waliwala. Tangu hapo kila mmoja alipata chupa yake ya jemu.

Mwezi wa Mei mvua ilinyesha mfululizo na nzi wa ndizi wakaadimika. Chupa yangu ya kuzalisha ilikuwa bado. Nikakumbuka ya kuwa vidukari, wale ambao wakulima huwaita wadudu mafuta, ni laini na wadogo, nao huliwa vizuri na watoto wa vunjajungu. Jirani yangu, mzee anayelima sukuma wiki ya kuuza, alikuwa nao tele chini ya majani. Jumamosi alasiri nilimwomba majani mawili, akanipa huku akishangaa mtu aombaye wadudu. Wakati uleule mama watoto alinunua kwake fungu la mboga kwa chakula cha jioni.

Saa kumi niliwapa vidukari watoto watano. Wanne walikula kwa pupa. Wa tano hakugusa, kwa kuwa alikaribia kujivua. Ilipofika saa moja ya usiku nilikwenda kuwaangalia nikaona wa kwanza ameanguka kutoka kitambaani, amelala ubavu, miguu inatetemeka. Nilidhani ni baridi. Nikatazama wa pili, naye vivyo hivyo. Wa tatu na wa nne walikuwa wamekunja mikono kifuani, hawasogei. Yule asiyekula alikuwa ananing'inia mzima. Nikafungua daftari, nikasoma mstari wa mwisho, kisha nikatazama jikoni. Mama watoto alikuwa anakata sukuma wiki.

Nilimwambia aweke kisu chini. Nikachukua tochi nikaenda kwa jirani.

"Mzee, niwie radhi kwa kukujia usiku. Je, mboga hii imepigwa dawa?"

"Ndiyo, Bwana Karani. Nilipiga Alhamisi. Wadudu walikuwa wamenishinda."

Nilimwomba nione chupa. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, madogo mno, hata mimi mwenye macho ya ofisi ilinibidi kusogeza tochi. Yalisema mkulima angoje siku 7 tangu kupiga dawa kabla ya kuvuna. Zilikuwa zimepita siku mbili. Nilimsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno. Alinyamaza kwa kitambo kirefu, kisha akasema, "Mwenye duka aliniambia nichanganye kifuniko kimoja kwa ndoo. Habari ya siku hakuniambia." Akauliza, "Lakini wadudu si walikuwa hai bado juu ya majani?" Na kweli walikuwa hai. Hata mimi nilikuwa nimejidanganya kwa hoja hiyohiyo. Kidukari mmoja aweza kuponea uvunguni mwa jani na huku jani lenyewe lina sumu, wala uhai wake si cheti cha usafi wa mboga.

Siku ile alikuwa ameuza kwa nyumba tatu nyingine. Tulikwenda wote wawili, yeye mbele na mimi na tochi nyuma. Nyumba mbili walikuwa hawajapika. Ya tatu walikuwa wamekwisha kula, lakini waliosha majani mara nyingi, na kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeugua. Mzee alirudisha fedha za wote watatu usiku uleule, naye si mtu tajiri. Mimi na mama watoto tulikula ugali kwa maziwa. Tangu siku hiyo mzee huniletea kila chupa ya dawa kabla hajaifungua, nami humwandikia idadi ya siku kwa wino mkubwa juu ya karatasi na kuibandika ubavuni.

Kwa hiyo mfugaji asichukue mdudu yeyote kutoka shamba asilolijua, wala nzi kutoka nyumba iliyopulizwa dawa. Wengi mtasema hasara ya wadudu wanne ni kitu gani. Mimi niliwazika chini ya mchongoma, na sikutaka mtu anione.

Nilibaki na sita. Mmoja alikufa kwa ujinga mwingine wangu, nao ni habari ya kujivua. Mtoto wa vunjajungu hukua kwa kutupa ngozi yake, mara sita hadi tisa kabla ya kuwa mzima, kwa kadiri ya aina yake na kama ni dume au jike. Siku moja au mbili kabla ya kujivua hukataa chakula, akaning'inia kichwa chini asiondoke mahali pake. Wengi hudhani ni mgonjwa wakazidi kumtupia nzi. Usifanye hivyo. Ondoa kila kilicho hai ndani ya chupa, maana wakati anapojitoa hana nguvu ya kujitetea, na mguso mdogo humwangusha. Juu pawe na kitambaa cha kushika, na chini yake pawe na nafasi tupu, urefu wake mara tatu. Wangu mmoja nilimwekea kijiti kizito kilichopita katikati ya chupa. Alipojinyoosha kutoka ngozini aligonga kijiti, akaanguka, akakauka amepinda. Unyevu kidogo wakati huo humsaidia ngozi iteleze, lakini pulizia mapema, si wakati ameanza kazi. Akiisha kujivua mwache siku nzima mpaka mikono ikauke na kuwa migumu, ndipo umpe chakula. Mguu uliokatika usikukatishe tamaa, waweza kuota kidogo kidogo katika kujivua kunakofuata.

Leo ninao watano. Wamejivua mara nne, na mmoja mara tano. Nzi wa ndizi hawawatoshi tena. Sasa hula nzi wa kawaida, nondo wadogo wanaokuja taani, na panzi wachanga kutoka nyasi za nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, ambapo najua hapajapigwa dawa. Kwa kuwa baridi imezidi, hula polepole na kukua polepole, nami nimeziweka chupa katika kabati lililo karibu na jiko. Maji bado ni yaleyale ya umande, ila vitone sasa vyaweza kuwa vikubwa kidogo.

Yule mwanafunzi nimemwandikia yote haya kabla ya kuyapeleka gazetini, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kuyasoma kwanza. Alinijibu kwa upesi, akauliza maswali saba, na mawili kati yake bado sijapata jibu lake. Juma lililopita niliona kifuko kingine katika ua uleule wa michongoma. Nimekikata pamoja na kijiti chake. Posta sitakitia, kwa hofu ya mihuri na magunia. Jumamosi ijayo nitapanda basi nimpelekee mwenyewe, pamoja na chupa moja ya nzi wa ndizi walio tayari na nyingine itakayokuwa tayari baada ya juma.